Beta Evo 250: moto isiyo na kiti juu ya mawe ya Goma

Beta Evo 250, pikipiki, au moto kama tunavyosema hapa kwetu, haina kiti. Hakikung'oka njiani wala hakuna aliyekiuza: pale Rignano sull'Arno, karibu na Florence nchini Italia, ndivyo inavyotoka kiwandani. Mahali pa kukaa pana bamba jembamba la plastiki lililo chini ya sentimita 70 kutoka ardhini, na mtu mzima akijaribu kukaa hapo magoti yanamfika kifuani. Nimetengeneza moto hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tangu watu walipokuwa bado wanavunja lava ya volkeno ya 2002 kwa nyundo ili wapate pa kusimamisha nyumba, na mikononi mwangu haijapita mashine iliyofikiriwa vizuri kuliko hii. Motari, yaani dereva wa teksi ya moto, akiniuliza kama ainunue, namwambia asiinunue. Yote mawili nayasema kwa moyo mmoja, na sababu yake ni ile ile.

Kwanza kazi yake. Hii ni moto ya trial, mashindano ya kupita mahali pagumu bila kuweka mguu chini. Waamuzi huchagua kipande cha njia chenye mawe, magogo, mto au ukingo mkali, wakakizungushia utepe, na kila mpanda moto anakipita peke yake kwa mwendo wa mtu wa miguu. Mguu ukigusa chini mara moja unaandikiwa pointi 1, mara mbili pointi 2, mara tatu na kuendelea pointi 3. Ukianguka au ukishindwa kutoka, ni 5. Anayemaliza na pointi chache ndiye mshindi. Mpandaji anasimama juu ya vikanyagio muda wote, ndiyo maana kiti hakikuwekwa. Kingekuwa kinamgonga mapajani kila anapotaka kurudi nyuma.

Hii ya kwangu iliingia ndani ya kontena la mitumba kutoka Ubelgiji, kupitia Mombasa. Muuzaji wa mtaa wa Birere alikuwa ameiegemeza nyuma ya friji akingoja kiti chake kije na kontena lijalo. Nilimlipa bei ya Boxer moja mpya na tukaachana vizuri.

Uzito wake bila mafuta ni chini ya kilo 70. Boxer na TVS zinazobeba watu mjini kwetu zote zinapita kilo 100, hata kabla hazijafungiwa vyuma vya kubebea mizigo. Kijana ninayemfundisha kazi alinyanyua mbele akaegemeza gurudumu kwenye meza ya kazi, akazunguka akanyanyua nyuma, akaipandisha peke yake. Halafu akaanza kuikagua, huku akiishika huku na huku.

"Muzee, hii haijakamilika," akaniambia. "Tangi ya esansi iko wapi?"

"Umeishika."

Mkono wake ulikuwa juu ya kadre, yaani fremu.

Kadre ya Evo ni mihimili miwili mipana ya alumini inayoanzia kwenye shingo ya gidoni (usukani) na kushuka ubavuni mwa injini, moja kulia na moja kushoto, na ndani yake ni mvungu. Lita 2.6 za esansi, yaani petroli, zinakaa humo. Ukigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu, inalia wazi; ukishuka polepole unafika mahali sauti inakufa, na hapo ndipo mafuta yalipofika. Mimi siku hizi napima hivyo, sifungui kifuniko. Mihimili yenyewe inaundwa kwa maji: bomba la alumini linafungiwa ndani ya kalibu, maji yanasukumwa ndani yake kwa shinikizo kubwa, na alumini inavimba mpaka inashika umbo la kalibu. Kwa njia hiyo mhimili unaweza kuwa mpana pale unapobeba nguvu ya gurudumu la mbele, ukabanwa pale magoti ya mpandaji yanapohitaji nafasi, bila kuunganishwa kwa vipande vingi vya kuchomelea.

Tangi la kawaida la chuma halipo tena, wala bolti zake, wala mipira ya kulituliza lisitetemeke. Na esansi, ambayo kwenye Boxer inakaa juu ya injini na kuyumba unapoinama, hapa imeshuka ikakaa katikati ya mashine. Nilipoifungua yote na kuisambaza kwenye turubai ndipo nilipoona mpango mzima. Waliounda hii hawakutafuta wepesi kwa kupunguza unene wa kila chuma. Walichukua kila kipande wakakipa kazi ya pili. Aliyewahi kuendesha chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ataelewa upesi: ubao unaobeba magunia ndio huo huo unaoshikanisha mbele na nyuma, na ndio huo huo anaopigia goti dereva.

Injini inafuata njia hiyo hiyo. Ni ya mipigo miwili, cc 250, inapozwa kwa maji. Haina supapu za kichwani, haina shafti ya kuzisukuma, haina cheni ya kuizungusha shafti hiyo. Pistoni ikipanda inafyonza hewa na mafuta kuingia kwenye chumba cha kranki kilicho chini yake. Ikishuka inabana mchanganyiko huo na kuusukuma juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda. Chumba cha kranki kwenye moto zenu kinabeba kranki na oili tu. Hapa ni pampu pia. Na esansi yenyewe imepewa kazi ya kulainisha, kwa sababu oili imechanganywa humo humo: beringi za kranki hazina oili nyingine zaidi ya ile inayopita na mafuta. Mimi naweka mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita ya esansi, na natumia oili nzuri.

Kuna mahali pamoja tu ambapo uzito umeachwa kwa makusudi, napo ni kwenye gurudumu la magneto, lile linalozunguka na kranki upande wa kushoto. Mtu aliyehesabu gramu za kila bolti ameacha chuma kizito hapo, na sababu yake ni nzuri sana. Injini ya mipigo miwili yenye cc 250 na gurudumu jepesi ingeruka na kuzima kila unapogusa na kuachia gesi. Uzito unaozunguka unahifadhi nguvu: unaweza kuachia gesi kabisa, ukapanda jiwe kwa mzunguko uliobaki, na injini ikaendelea kunguruma polepole bila kuzima. Ukitaka kuelewa trial ni nini kwa upande wa fundi, anzia hapo. Nguvu nyingi hazina maana. Maana iko kwenye nguvu ndogo inayokuja pale tu unapoiita na haikatiki.

Wepesi huu haukuanza na Beta. Mwaka 1964 Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, alikuwa bado anashinda juu ya Ariel ya cc 500 yenye mipigo minne, moto aliyokuwa ameichonga mwenyewe kipande kwa kipande mpaka ikakaribia kilo 110. Kwa wakati ule huo ulikuwa wepesi wa kushangaza. Kisha akaenda Hispania kwa kiwanda cha Bultaco, wakaunda Sherpa ya mipigo miwili, cc 250, na 1965 akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita ya Uskoti. Tangu hapo moto kubwa za Uingereza zilianza kuondoka kwenye mchezo huu. Ubingwa wa dunia ulipoanza 1975, wa kwanza kuuchukua alikuwa Martin Lampkin, naye juu ya Bultaco.

Beta iliingia kwenye orodha ya mabingwa 1987 kupitia Jordi Tarrés, Mkatalani aliyetoka kwenye trial ya baiskeli na kuleta ufundi wa baiskeli juu ya moto: kusimama palepale, kurukisha gurudumu moja, kugeuza nyuma hewani. Kwa mtu anayeendesha hivyo, kila kilo ni adui, na viwanda vilimfuata. Dougie Lampkin, mtoto wa yule Martin, akashinda juu ya Beta 1997, 1998 na 1999. Lakini sitaki msomaji adhani mipigo miwili ndiyo pekee yenye haki. Mbelgiji Eddy Lejeune alichukua ubingwa mara 3 mfululizo, 1982 hadi 1984, juu ya Honda ya mipigo minne, na Toni Bou alishinda miaka mingi mfululizo kuanzia 2007 juu ya Montesa ya mipigo minne. Huo ubishi wa mafundi bado haujaisha, na mimi napenda usiishe.

Sasa njiani, au tuseme mahali pasipo na njia.

Niliipeleka kaskazini mwa mji, upande wa Kibati, kwenye lava. Lava ya Nyiragongo ni laini inapotoka, inatiririka upesi, na ikipoa inaacha mabamba mapana yaliyopasuka, yenye kingo zinazokata kiatu. Kwa Boxer pale ni pa kupita ukiwa umeshuka unasukuma. Tumbo la Boxer ya kawaida liko chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. La Evo linapita sentimita 30, na chini ya injini limefungwa bamba nene la alumini ambalo limewekwa liburuzwe. Unalisikia likilia juu ya jiwe na moyo unashtuka mara ya kwanza, baadaye unazoea.

Vikanyagio viko chini na nyuma kuliko ulivyozoea. Ukisimama wima, uzito wako unaangukia karibu na gurudumu la nyuma, na ukirudisha nyonga nyuma kidogo mbele kunakuwa kwepesi kwenye viganja. Gidoni linageuka mpaka unadhani limevunjika, kwa sababu kadre imebanwa shingoni ili miguu inayoshika gurudumu la mbele ipate nafasi ya kuzunguka. Nilizunguka ndani ya eneo ambalo Boxer isingeweza kugeuka bila kurudi nyuma. Ambreyaji (klachi) inasukumwa kwa oili, inabonyezwa kwa kidole kimoja, na kidole hicho ndicho kinachoendesha moto kuliko gesi. Vitesi (gia) viwili vya chini ni vifupi mno, unaweza kutembea navyo ubavuni mwa mtoto. Kile cha juu kimewekwa kwa ajili ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine tu.

Kulikuwa na ukingo wa lava unaonifika gotini. Namna ya kuupanda ni hii: unakaribia polepole kwa kitesi cha pili, unashusha mwili ghafla ili amotiseri (shokamzoba) zijibane, na zinapoanza kukurudisha juu unaachia ambreyaji na gesi kidogo kwa wakati mmoja. Gurudumu la mbele linakwenda kukaa juu ya ukingo. Hapo unasogeza mwili mbele, unaacha injini ivute kwa uzito wa gurudumu lake, na la nyuma linapanda bila kuteleza. Hakuna sehemu ya tendo hilo inayohitaji mabavu. Nilirudia mpaka mikono ikatetemeka, na moto haikuzima.

Mama mmoja aliyekuwa anashuka na gunia la makaa alisimama kuniangalia.

"Papa, moto imeharibika? Mbona inatembea polepole hivyo?"

"Hapana, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Basi ni kazi nzuri," akasema, "haitupigie vumbi."

Breki sina la kulalamikia. Diski ni ndogo, zimetobolewa matundu, ukiziangalia kwa jicho la Boxer unadhani ni za baiskeli. Lakini kilo 70 na mtu mmoja hazihitaji zaidi, na kidole kimoja kinalifunga gurudumu la mbele juu ya jiwe lenye mteremko na kuliacha limefungwa hapo. Breki ya mguu ndiyo iliyonifundisha zaidi, maana kwenye trial unaishika huku gesi imefunguliwa kidogo, ili cheni ikae imevutika na moto isubiri.

Tairi ndilo lililomshangaza kwado wetu, fundi wa kuziba tairi. Nilimpelekea gurudumu la nyuma lipunguzwe upepo vizuri kwa kipimo, akatafuta chubu (mpira wa ndani) hakuipata. Tairi la nyuma la trial halina chubu. Ili upepo usivuje kwenye matundu ya spoki, rimu imetengenezwa na ukuta mdogo katikati, na spoki zinashika kwenye ukuta huo bila kutoboa sakafu ya rimu. Kwado alilizungusha gurudumu lile mbele ya uso wake, akiipitisha ncha ya kidole ndani ya rimu nzima kutafuta tundu, na akaita wenzake waje waone. Upepo wa kuendeshea ni karibu bari 0.3 nyuma na 0.4 mbele, ambapo moto zetu za kazi zinatembea na karibu bari 2. Ukilisukuma kwa dole gumba linabonyea. Ndivyo linavyolifunika jiwe na kulishika, na ndivyo linavyofanya kazi ya amotiseri ya pili kwa vijiwe vidogo ambavyo amotiseri yenyewe ingechelewa kuvijibu. Lava inalikata, hilo halina dawa. Nimeshaziba tundu moja kwa kizibo cha mpira kutoka nje, na linashika.

Moto iliponifikia ilikuwa inatoa moshi mzito na bujii (plagi) ilikuwa nyeusi yenye ute. Aliyekuwa nayo zamani alikuwa ameipima kwa hewa ya Ubelgiji, nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, hewa yetu ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na karbirateri haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta yale yale. Nilifungua karbirateri, Keihin ya milimita 28, nikashusha jikleri kubwa, kile kitundu kinachopima mafuta, kwa hatua na sindano kwa mkato mmoja, na bujii ikarudi rangi ya kahawia. Kazi ya saa chache, na mashine ikawa nyingine. Yeyote atakayeleta moto ya mipigo miwili Goma au Bukavu aanze na hilo kabla ya kusema injini imechoka.

Feni ya rejeta inahitaji macho pia. Ukitembea kwa mwendo wa miguu hakuna upepo wa kupoza maji, kwa hiyo nyuma ya rejeta kuna feni ya umeme inayojiwasha joto likipanda. Umeme wake unatoka kwenye magneto moja kwa moja, maana betri haipo. Vumbi letu jeusi linaingia kwenye mapezi ya rejeta na kuganda na mvua. Mimi napuliza kwa kompresa kutoka nyuma kuelekea mbele kila nikirudi.

Nimesema sababu ya kuisifu na ya kumkataza motari ni ile ile. Kipande chenye kazi mbili kikiharibika, kinakuangusha mara mbili. Boxer ikipasuka kadre, kuna vijana wa kuchomelea chuma kila kona kutoka Majengo mpaka Ndosho, na jioni unarudi kazini. Evo ikipasuka kadre, umepoteza kadre na tangi kwa pamoja. Alumini haichomelewi kwa vijiti vya chuma. Inataka mashine yenye gesi ya argoni na mkono uliozoea, na hapa kwetu mikono hiyo ni ya kutafuta kwa taa. Zaidi ya hapo, ni chombo kilichokaa esansi. Kukichomelea kabla hakijamwagwa, kuoshwa na kukaushwa mpaka mvuke umalizike ni kuhatarisha maisha ya fundi, na ninawasihi vijana wa kuchomelea wasikubali kwa bei yoyote mtu asiyewaambia kwamba kadre hii ni tangi.

Mafuta nayo hivyo hivyo. Esansi ikiwa ndiyo inayolainisha, siku utakayojaza chupa ya Kadhafi, muuza esansi wa barabarani, bila kuchanganya oili, injini itakwenda kidogo kisha itakamata. Na esansi ya chupani ikiwa imetiwa mafuta ya taa, umeharibu uwakaji wa injini na ulainishaji pamoja. Motari anayejaza njiani mara kadhaa kwa siku, usiku, mvua ikinyesha, abiria akimharakisha, hawezi kuishi na mashine ya namna hiyo, na si haki kumwambia ataweza. Bado sijataja kwamba hakuna pa kukaa abiria, lita 2.6 hazimfikishi mbali, na kwenye lami ya kwenda Sake angeenda wima njia nzima huku injini ikilia.

Kwa hiyo naisifu kwa nani? Kwa kijana anayetaka kujua kuendesha kweli. Nimempandisha mwanafunzi wangu, ambaye huendesha TVS ya kaka yake akizuia kila kitu kwa breki ya nyuma, na baada ya kuizoea lava alirudi kwenye ile TVS akiwa na mwili mwingine: anasimama kwenye mashimo, anaangalia mbele, anatumia ambreyaji. Naisifu kwa fundi yeyote anayetaka kuelewa usanifu, kwa sababu ukiifungua na kuifunga unasoma mawazo ya watu waliokataa kuweka kitu chochote bila kukiuliza maswali. Mji huu una uwanja wa trial ambao nchi nyingi zingetamani, umejengwa na volkeno na hauna mwenyewe wa kuulima. Natamani siku moja watoto wa Mugunga waushindanie.

Kama kijana huyo angekuja kwangu leo na pesa mkononi, ningemwelekeza kwanza kwenye trial yenye kadre ya bomba la chuma. Gas Gas TXT Pro, iliyotengenezwa Salt kule Katalonia, ina kadre ya chuma cha kromu na molibdeni, nyepesi karibu sawa na Evo, na bomba lake linaweza kuchomelewa hapa na mtu makini. Yamaha TY za zamani, zile zilizotengenezwa kwa ushauri wa mwendesha trial Mick Andrews miaka ya 1970, ni nzito zaidi lakini kila kitu chake ni chuma, waya na bolti, na tangi liko mahali pa tangi. Montesa Cota 4RT, iliyotoka 2005, inatumia esansi tupu bila kuchanganya, na mfumo wake wa umeme wa kupuliza esansi unafanya kazi bila betri, kwa umeme wa ile kiki yako. Naiheshimu, ila kompyuta ikigoma sina cha kuifanyia kwa bisibisi. Wafaransa wa Electric Motion wametengeneza trial ya umeme, na kwa mji unaopata umeme wa maji kutoka kituo cha Matebe sioni wazo hilo kuwa mbali. Ningependa kuiona moja kwa macho.

Ukiikuta Evo kwenye kontena na moyo ukakataa kuiacha, basi ikague hivi. Shika kiki na uisukume kwa mkono polepole: usikie mbano unaokataa, usiwe laini. Zungusha gurudumu la nyuma na utazame ule ukuta wa katikati wa rimu kama una ufa kwenye mashimo ya spoki. Lala chini uangalie bamba la tumbo. Likiwa limebonyea hadi kugusa injini, fungua bolti zake na uangalie masikio ya kadre yanayolishika. Bonyeza ambreyaji injini ikiwa imezimwa, weka vitesi, sukuma: ikikataa kuachia, sahani zimegandana kwa kukaa muda mrefu, na mara nyingi zinaachana zenyewe ukiitikisa mbele na nyuma. Feni ijaribu kwa kidole izunguke bila kukwaruza. Mwisho fungua kifuniko cha mafuta, mulika ndani kwa tochi ya simu, na ukiona unga mweupe jua maji yamekaa humo. Kadre ikiwa imepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, hasa karibu na shingo, usitoe pesa bado. Mwambie muuzaji aijaze esansi mpaka juu na iachwe usiku mzima juu ya karatasi kavu, nawe urudi asubuhi kuikagua hiyo karatasi.